Mdogo Wangu Alivyobaki Korongoni

Mdogo wangu wa mwisho alifanya kazi ya kufungua mashine za kamari, zile ambazo watu huziita dubwi, kwenye ukumbi mmoja hapa Tunduma, si mbali na geti la kuvukia kwenda Zambia. Sarafu ikikwama, anaitwa yeye. Anachomoa fungu la funguo, anafungua mashine tumboni, anaitoa sarafu, anafunga. Wateja wake wengi walikuwa madereva wa malori waliochoka kusubiri foleni. Ukumbi haukuwa na dirisha. Kulikuwa na pazia zito mlangoni, na ndani taa nyekundu na za buluu zilizowaka mchana kutwa, na kila mashine na wimbo wake.

Alikaa kwangu miaka mitatu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, sina mume, na chumba cha pili kilikuwa wazi. Akirudi kazini alikaa sebuleni kwangu na redio imezimwa. Mwanzoni nilidhani ana mawazo. Jioni moja akaniambia, "Dada, ile milio haitoki masikioni. Hata nikiwa naoga naisikia. Nipeleke mahali ambapo hakuna mlio wowote."

Nilikuwa na mahali hapo kichwani. Mwezi wa nne mwaka huo tulikuwa tumewapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kuona korongo moja huko Momba bondeni, upande wa Msangano. Ni ufa mrefu uliochimbwa na mto wa msimu, kuta zake nyekundu, tabaka juu ya tabaka, mahali pengine zimepanda hadi unalazimika kuinua shingo. Chini kulikuwa na bwawa la maji ya kijani, na wanafunzi waliogelea humo mpaka tukawakemea. Nilimwambia habari za bwawa lile. Akaomba ruhusa kazini.

Sikukuu ya mwezi wa kumi iliangukia Jumatatu, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu. Jumamosi tulisafiri hadi Msangano tukalala nyumba ya wageni. Sisi ni watu wa Mbozi. Tumekulia kwenye ukungu na mibuni, nyumba ya baba ina chemchemi nyuma ya jiko ambayo haijawahi kukauka tangu babu. Joto la bonde hatukulijua. Tulilisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za nchi nyingine. Jioni ile tuliketi nje ya chumba tumelowa jasho tukicheka, yeye akasema watu wa huku lazima wanapikwa polepole.

Asubuhi bodaboda alitupeleka mpaka njia ilipoishia. Alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, na njiani nilikuwa nimemweleza kazi yangu. Aliangalia viatu vyetu, akaangalia mfuko mmoja tuliobeba.

"Mwalimu, mmebeba maji kiasi gani?"

Nikamwonyesha chupa mbili za lita moja na nusu.

"Huko chini maji yalishakwisha," akasema. "Hata ng'ombe wamehamishwa."

"Kuna bwawa," nikamwambia. "Nilifika mwenyewe mwezi wa nne."

Aliinamisha uso, kama mtu anayeona haya kumsahihisha mwalimu. Kisha akasema atatufuata saa kumi pale pale, akageuza pikipiki. Nimeikumbuka sauti niliyomjibu nayo mara nyingi. Ilikuwa sauti yangu ya darasani.

Saa mbili za kwanza zilikuwa nzuri, na sitazificha kwa sababu ya yaliyofuata. Mchanga wa mto ulikuwa bado una ubaridi wa usiku. Pimbi walikaa kwenye nyufa za mwamba wakituchungulia. Nilimwonyesha matabaka ya mawe, nikamweleza ni lipi la zamani na ni lipi la juzi, naye alinisikiliza kwa heshima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa kuanza shule. Kisha alisimama mahali ambapo kuta zilikaribiana. Akanifanyia ishara nisitembee. Tulisimama hivyo muda mrefu. Hakukuwa na ndege wala upepo.

"Hakuna kitu," akasema. Uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu akiwa mtoto. "Dada, hakuna kitu kabisa."

Tuliendelea kushuka. Saa tano tulifika kwenye bwawa. Lilikuwa tope lililopasuka vipande vipande, lina alama za kwato, na katikati kambare wachache waliokauka, midomo wazi. Alicheka kwanza. Mimi sikucheka. Chupa yangu ilikuwa imebaki robo na yake nusu, maana tulikuwa tumekunywa bila hesabu tukijua tutajaza.

Kurudi tulikotoka ilikuwa kupanda kwa muda wa saa tatu au zaidi, na jua lilikuwa limeshaingia korongoni kote. Lakini nilikumbuka kwamba mbele, baada ya kona, kulikuwa na njia ya ng'ombe iliyopanda hadi kwenye maboma ya wafugaji. Mwezi wa nne tulipandia hapo na wanafunzi, nusu saa tu. Nikasema twende mbele. Hakubisha. Katika mambo ya ardhi aliniamini mimi.

Ile njia haikuwepo. Mvua za mwisho zilikuwa zimebomoa genge lote, mawe makubwa kama nyumba yamelala pale tulipopita. Tulijaribu kupanda juu ya kifusi, mawe yakateleza, akachubuka goti. Nikasema lazima ipo njia nyingine mbele kidogo. Tukaenda mbele kidogo. Halafu tena mbele kidogo. Simu hazikuwa na mtandao tangu tulipoiacha barabara. Mwamba ulikuwa wa moto kiasi kwamba huwezi kuushika, na joto lilitoka chini, juu na pembeni.

Saa saba na kitu niliona fulana yake imekauka. Asubuhi ilikuwa imelowa yote, sasa ilikuwa kavu ina mistari myeupe ya chumvi. Nilimgusa shingo, ngozi ilikuwa inaunguza. Nikamuuliza anajisikiaje. Akanitazama kwa adabu, akasema, "Subiri kidogo mzee, naifungua sasa hivi." Mkono wake ulikuwa kiunoni, unatafuta funguo.

Nilimvuta chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, penye kivuli cha kutosha mtu mmoja kulala. Nilimvua viatu, nikalowesha kitambaa changu kwa maji kidogo nikamwekea kichwani. Akatulia. Baada ya muda akili ilimrudia, akaniita dada. Akauliza kama tumebakiwa na maji. Nikamwonyesha. Yalikuwa kama mafunda manne, matano.

"Nikijaribu kupanda peke yangu nitafute watu," nikamwambia, "utakaa hapa bila kutoka?"

"Nitakaa."

Niliiweka chupa karibu na mkono wake. Nilipoinuka akaisukuma upande wangu.

"Beba wewe. Anayetembea ndiye anayehitaji. Mimi nimelala tu."

Niliichukua. Nataka kuandika kwamba nilikataa mara mbili, tatu, kwamba tulivutana. Hatukuvutana. Niliichukua mara moja, nikaondoka, na kabla sijafika kona ya kwanza nilikuwa nimeyanywa yote.

Nilipata mwanya upande wa kushoto nikapanda kwa mikono na magoti. Juu kulikuwa na vichaka vya miiba na ardhi nyeupe. Nilitembea nikifuata kinyesi cha ng'ombe, kikavu, cha zamani, mpaka nikaona boma. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Mwanamke wa Kisukuma alikuwa anapepeta ulezi. Hakuniuliza lolote. Alinikalisha, akanipa maji kwenye kibuyu kidogo kidogo, akininyang'anya kila nikitaka kugugumia, kisha maziwa ya mgando. Nilipoweza kusema nikamwambia mimi ni mwalimu kutoka Tunduma, na mdogo wangu yuko chini korongoni. Akamwita mumewe kwa sauti kubwa.

Yule mfugaji alijaza dumu la lita kumi akalifunga mgongoni kwa kamba. Nikamweleza nilivyopita. Akatikisa kichwa.

"Huko umezunguka. Mahali penye mwamba kama paa napajua. Njia ya kushukia iko mbele yake tu, hatua mia mbili hivi."

Tulitumia dakika arobaini. Njia ile ilikuwa pana, ina ngazi za mawe zilizosuguliwa na kwato. Kama tungetembea hatua mia mbili zaidi, kabla sijamlaza, tungeiona wote wawili.

Kivulini hakuwepo. Tulimkuta upande wa pili wa mchanga, palipokuwa na jua mpaka muda mfupi kabla, amelala kifudifudi, fulana ameivua ameikunja vizuri kando yake. Mfugaji alimgeuza. Akaweka sikio kifuani. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa ajili yangu. Kisha akavua shuka lake akamfunika.

"Amekwisha, mwalimu," akasema. "Pole."

Nilimwomba anipe dumu. Nilimmiminia maji kinywani. Yalitoka pembeni yakaingia mchangani. Mfugaji hakunizuia. Nilimimina tena, mpaka akaushika mkono wangu taratibu akaliweka dumu chini.

Yaliyofuata yalikuwa ya watu wengine: bodaboda aliyekuwa ameanza kututafuta, polisi waliofika asubuhi kwenye gari la halmashauri, vijana sita waliombeba kwa machela ya miti. Daktari aliandika kwamba ni joto. Tulimpeleka Mbozi, tukamzika nyuma ya mibuni siku ya Jumatano, kwenye manyunyu. Wenzake wa kazini walikuja watatu, na fulana zao za kazi zenye rangi kali, hawakuwa na nyingine za kufanana. Msichana mmoja akaniambia marehemu alikuwa amehesabu siku za safari kwenye kalenda ya ukutani. Kabla hawajaondoka, mwingine alinivuta pembeni akauliza kwa aibu kama funguo za mashine zilikuwa kwenye nguo zake, maana bosi ameziulizia. Zilikuwa nyumbani kwangu Tunduma, zimetundikwa kwenye msumari. Nilizipeleka wiki iliyofuata. Mlinzi alinifunulia pazia, nikampa, nikaondoka.

Msibani watu waliuliza kilichotokea, nikasema joto lilimzidi, maji yalituishia. Hakuna aliyeuliza maji ya mwisho yalikwenda wapi. Lakini siku ya pili ya matanga nilimsikia baba, ameketi na wazee wenzake karibu na moto, akisema mwanawe aligongwa na nyoka. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Kesho yake akasema tena kwa mgeni mwingine, akaongeza kwamba nyoka alitoka kwenye mwamba.

Mwezi wa kwanza nilirudi nyumbani kumsaidia mama kupalilia mibuni. Tulikuwa tumeinama kwenye mistari miwili inayokaribiana, mvua imekatika kidogo. Nikamwambia bila kumwangalia.

"Mama, maji yaliyobaki niliyanywa mimi."

Jembe lake halikusimama. Lilikwenda mpaka mwisho wa shina lile.

"Najua," akasema. "Nilimwona midomo kabla hawajafunga jeneza. Na wewe yako ilikuwa mizima."

"Yeye ndiye alinipa."

"Hilo pia najua. Nilimlea mimi." Alihamia shina linalofuata. "Nilikuwa nasubiri useme."

Nilitaka anitukane, au anishike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Tulipalilia mpaka mwisho wa mstari, na tulipogeuka nikamuuliza kama nimweleze baba, ili aache habari za nyoka.

Mama alinyoosha mgongo. "Baba yako amezaliwa hapa, amezeekea hapa, chemchemi iko nyuma ya jiko. Hawezi kwenda kanisani akasimama mbele ya watu aseme mtoto wake amekufa kwa kiu. Mwache na nyoka wake."

Nimemwacha. Ni mwaka wa tatu sasa. Wageni wapya wakija bado huwasimulia, na kila mwaka habari huongezeka kidogo. Siku hizi kuna hata mahali alipogongwa, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Mgeni akiuliza ni nyoka gani, baba hunigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwepo. Mimi hujibu kwamba alikuwa koboko.