Kisu Changu cha Ndizi

Huku kwetu Akheri, mwanamke akiitwa kwenye shughuli haji mikono mitupu. Anakuja na kisu chake. Siku moja kabla ya sherehe wanawake wanakaa duara kwenye vigoda, wanamenya ndizi mshare na kusengenya, na jioni mikono yote imekuwa myeusi kwa utomvu. Mimi niliolewa hapa, na kusema kweli ni kwenye duara hilo, si kanisani, ndipo nilipopokelewa.

Kisha nikaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha, nilikuwa nashuka ukingo wa mfereji na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nikateleza na kuangukia mgongo. Uti wa mgongo uliumia. Tangu siku hiyo miguu ninayo, lakini haina habari na mimi.

Niliporudi kutoka hospitali nilijifunza upya kufua, kupika kwenye meza fupi, na kujiinua kitini kwa mikono mara kwa mara nisipate vidonda. Hayo yalinichosha tu. Kilichonivunja moyo ni soda. Kila shughuli niliyokwenda, kiti changu cha magurudumu kilisukumwa hadi chini ya turubai, kwa wazee, nikapewa soda na pole. Kisu changu kilibaki kwenye mfuko wa kiti, kikarudi nyumbani kisafi. Nilikuwa nawaka kwa hasira. Yaani nimeshakuwa mgeni wa kudumu kwenye ukoo wangu mwenyewe?

Mama mkwe ndiye aliyeniumiza zaidi. Kabla ya ajali alikuwa hanisazi: chai yangu maji matupu, ng'ombe nimemkamua vibaya, ufagio nimeuweka pasipo pake. Baada ya ajali akawa mpole kama muuguzi. Siku nilipounguza maharage aliyasifu. Nilimtamani yule wa zamani.

Ikafika kipaimara cha mtoto wa wifi yangu. Jumamosi ile wifi akaanza kunisukuma kuelekea turubai kama kawaida. Nikakamata magurudumu.

"Leo namenya," nikasema.

"Wifi, kisu kikikuangukia pajani je? Utajikata na hutasikia."

Alikuwa na haki ya kuogopa, na ndiyo maana nilikuwa nimejiandaa. Nikakunja kitenge kizito, nikakitandika mapajani, juu yake nikaweka sinia.

"Kikianguka, kitaanguka humu. Nipe ndizi."

Wakasogeza vigoda, nikaingia. Kwa kuwa kiti changu kilikuwa juu kuliko vigoda vyao, mmoja akauliza kama mwenyekiti amefungua kikao. Tulicheka. Lakini mikono yangu ilikuwa imesahau kazi, maganda yalitoka manene, na hakuna aliyesema neno. Nililiona hilo, likanikera. Kisu walikuwa wameniachia, huruma hawakuiacha.

Mama mkwe akaja kuzoa maganda ya ng'ombe. Akaokota moja la kwangu, akaligeuzageuza.

"Wewe! Nani alikufundisha kumenya hivi? Nusu ya ndizi unawapa ng'ombe! Wageni watakula nini kesho?"

"Mama, jamani," wifi akanong'ona.

"Jamani nini? Kilichoumia ni mgongo. Mikono ina nini?"

"Haina kitu, mama," nikajibu.

"Basi menya vizuri." Akanibwagia chane nzima kwenye sinia, akaondoka na maganda yake.

Nililia pale pale, nikawa najifuta machozi kwa mikono ileile yenye utomvu. Wenzangu walidhani nimeumia, wakaanza kunipa pole. Nikawaambia wanyamaze wamenye. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nianguke, na sikutaka mtu aniharibie.

Kesho yake nilikwenda ibadani na doa jeusi shavuni, maana utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni. Mama mkwe akaniangalia vizuri mlangoni pa kanisa, akaniuliza kama siku hizi nimeacha kuoga.