Mdudu Wetu

Jumanne moja ya mwezi wa sita, watu wakiwa wanapiga alizeti, mume wangu alifariki. Neno "wetu" lilikuwa limeshakufa kabla yake.

Tulipimwa pamoja mwaka wa pili wa ndoa, tukakutwa sote tuna virusi. Nililia. Akanishika mkono, akasema, "Hatujui nani alianza. Basi mdudu ni wetu." Tangu hapo kila jioni baada ya ugali aliuliza, "Mke wangu, mdudu wetu umeshampa chakula chake?" Nacheka, tunameza dawa za kufubaza, tunalala.

Mimi nikanawiri. Yeye akakonda, kinywa kikajaa vidonda. Dada yake mkubwa akaja kutoka Mtinko kumwona. Utani wetu wa mdudu aliujua. Alinitazama nikitua ndoo ya maji, akasema:

"Mdudu mmoja, mbona anakula upande mmoja? Wifi, dawa za mdogo wangu unampa kweli?"

Nilikuwa nikimmezesha kwa mkono wangu.

Kliniki walichukua damu yake, ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yaliporudi, daktari alituita wote wawili. Alisema virusi hubadilika vinapozaliana, hata vya mume na mke huweza kutofautiana. Dawa zilikuwa zinavifubaza vyangu. Vyake vilikuwa vimeshakuwa sugu, ndiyo maana alikuwa anaisha upesi.

"Usugu wa namna hii mara nyingi tunauona kwa mtu aliyeanza dawa zamani akaacha," alisema. "Baba, kabla ya hapa uliwahi kutumia?"

Mume wangu alitazama viatu vyake.

"Kidogo. Kabla sijaoa."

Alibadilishiwa dawa, lakini alikuwa ameshachoka sana. Nilimwosha, nikamlisha uji, sikumuuliza kitu. Siku moja akasema mwenyewe, "Ningekuambia, ungenikataa."

"Ungeniachia mimi nikatae," nikamjibu.

Hakusema tena juu ya hilo, wala mimi. Alipokufa nililia kweli, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu alijua.

Siku ya kuanua matanga tulikaa uani na wanawake wa ukoo wake. Wifi akasema, wote wakisikia, "Mdudu wa wote wawili, kafa mmoja."

"Hakuwa wetu, wifi," nikasema. "Mdogo wako alikuja naye, na alijua."

Saa yangu ya dawa ilikuwa imefika. Niliingia ndani, nikatoka na kidonge, nikakaa palepale nilipokuwa. Hakuna aliyenisogezea maji. Nikakimeza kikavu.