Mkono Mmoja Kibandani

Kwenye vibanda vya ushuru wa barabara kuu walimwita Mashoto, ingawa hakuzaliwa hivyo. Alipoanza kazi alipokea pesa kwa mkono wa kulia, kwa heshima zote, mpaka dereva mmoja alipoubana kwenye kioo cha gari na kuondoka nao. Kiwiko hakikurudi sawasawa. Tangu hapo akawa anatoa wa kushoto, na ndio huohuo aliomgeuzia mama yake kitandani, maana mama alikuwa amepooza na hawakuwa na mtu mwingine.

Bei hakupanga yeye. Ilikaa juu kwenye ubao wa taa: foleni ikirefuka inapanda, ikipungua inashuka. Mtu anaingia kwenye foleni akiona bei hii, anafika dirishani anakuta nyingine, na wa kutukanwa ni nani? Wakubwa wa ubao wako mbali, wamekunja nne. Aliye karibu ni Mashoto.

Asubuhi hiyo dereva wa pikapu alitazama ubao, kisha akautazama ule mkono.

"Unaniibia, halafu unaniletea mkono wa kushoto?"

"Samahani kaka, wa kulia mbovu."

"Mbovu wewe!"

Akamkamata ukosi wa shati, akamvuta, akampigiza paji la uso kwenye fremu ya dirisha. Damu ikamwingia machoni. Mashoto hakulia, hasira zilimpanda, akamng'ata kidole gumba mpaka meno yakagusa mfupa. Jamaa akapiga yowe, akashuka garini, akaanza kulivunja dirisha kwa mateke. Pikapu imeziba njia. Honi zikalia, foleni ikarefuka, na ubao, bila haya, ukapandisha bei. Ukapandisha tena.

Madereva wa nyuma wakashuka. Mashoto akashusha pumzi, akijua wamekuja kumwokoa.

"Unatupandishia bei, mshenzi wewe!" alifoka wa mbele yao, akamtandika mwenye pikapu mgongoni kwa spana ya magurudumu.

Walimpiga mpaka akaacha kujikinga.

"Mwacheni, mtamuua!" Mashoto alipiga kelele. Nani amsikilize?

Walipochoka, walimbwaga ndani ya pikapu yake, sehemu ya mizigo, wakaisukuma kando. Yule wa spana akarudi kwenye gari lake, akalisogeza dirishani, anahema.

"Dada, tumekuondolea balaa. Sasa tutoze ile bei ya mwanzo."

Akitoza bei ya mwanzo, kazi hana, na mama atakula nini? Mashoto alijifuta damu, akamsomea bei ya ubaoni.

Mlango wa gari ukafunguka, yule jamaa akashuka na spana yake. Mashoto akauficha mkono wa kushoto, ule wa kumgeuzia mama, katikati ya mapaja, akakaza magoti, akamwachia kichwa.