Sindano ya Thelathini

Shangazi yangu alichoma watu usoni kwa miaka kumi na saba, na wote walimwambia asante. Tulimzika wiki mbili zilizopita. Tangu hapo kila mtu anamsifu kana kwamba alikuwa malaika. Mungu anisamehe, lakini malaika gani anavaa soksi zisizofanana na kumwambia mteja, "Mdogo wangu, uso wako umechoka kama godoro la gesti"?

Chumba chake kilikuwa nyuma ya saluni: kitanda chembamba, feni inayolalamika, taa ya kuinamisha. Humo alifanya tiba ya sindano za uso. Zilikuwa nyembamba kama unywele. Alizichoma kwenye paji, pembeni mwa macho na mashavuni, akaziacha dakika ishirini ili damu iamke na ngozi ipate uhai bila krimu wala mkorogo. Miujiza hakuahidi. "Mimi naamsha damu tu," alisema. "Ukitaka kurudi miaka ishirini nyuma, muombe Mungu. Ila sijasikia akimkubalia mtu."

Jambo moja hakulifanyia mzaha: hesabu. Alifungua sindano mpya thelathini mbele ya mteja. Kila aliyoichomoa aliichomeka kwenye sponji yenye nukta thelathini za kalamu, na mteja hakuinuka mpaka kila nukta ipate mwenyewe. Ndipo zilipotupwa.

Mchungaji wetu hakupenda mambo hayo. Jumapili moja alitangaza kwamba uso ni kazi ya Mungu, si mto wa sindano wa fundi cherehani, na mwanakwaya atakayeendelea kutoboa watu atatolewa kwaya. Shangazi alikuwa ameimba sauti ya pili miaka ishirini na miwili. Kwaya ndiyo iliyokuwa roho yake, ingawa, tusidanganyane, sauti yenyewe ilikuwa kama bawaba ya geti.

"Utaacha?" nilimuuliza.

"Nitafanya kimyakimya."

Aliyekuja kimyakimya kuliko wote alikuwa mama mchungaji. Kila Jumatano mchana alimuaga mumewe kwamba anakwenda kusuka.

Jumatano moja nilikuwa pale, namsubiri shangazi twende maombi ya saa tisa. Mama mchungaji alikuwa amelala chali, uso kama nungunungu aliyeokoka. Mara mwenye saluni akagonga ukuta: "Shangazi! Mchungaji huyo mlangoni, anamuulizia mkewe!"

"Dada, toa! Toa haraka!" Mama mchungaji aliruka. Shangazi akachomoa mbiombio. Mama mchungaji akajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, akatokea mlango wa nyuma, akazunguka na kumshika mumewe mkono barazani.

Kwenye sponji nukta moja ilikuwa tupu.

Shangazi alihesabu tena. Akakung'uta shuka, akapiga magoti na kumulika sakafu kwa simu.

"Iko kichwani kwake," alisema. "Ile ya mpakani mwa nywele."

"Nyamaza basi, shangazi. Itadondoka yenyewe."

"Na kitambaa kikiikandamiza?"

"Ukienda kuitoa mbele ya watu, kwaya umeiaga."

Alikuwa tayari anavaa viatu. "Nimeingiza thelathini, mwanangu. Natoa thelathini."

Tulipofika kanisani, mama mchungaji alikuwa mbele anasoma Neno. Shangazi akakaa kwenye kiti chake cha kwaya, akamwashiria kwa kugusa paji lake. Mama mchungaji akadhani anabarikiwa, akatabasamu. Kisha akainua mkono kusukuma kitambaa.

"Usiguse!"

Shangazi alikuwa ameshafika. Nilimuomba Mungu ardhi ipasuke inimeze; haikupasuka. Akafunua kitambaa, akachomoa, akainyanyua sindano kwenye mwanga.

"Thelathini," alisema, na kipaza sauti kikamsaidia.

"Mama," mchungaji alimuuliza mkewe, "hii ni nini?"

"Sindano, baba. Na hii ni Jumatano ya sita. Si wewe uliyesema nimenawiri kwa maombi?"

Kanisa lilicheka, hata wazee wa kanisa. Mchungaji hakucheka. Shangazi alitolewa kwaya siku hiyohiyo.

Hakuhama kanisa. Alikaa benchi la nyuma ya kwaya na kuimba sauti ya pili kwa nguvu zaidi, mpaka waliokaa karibu naye wakatafuta pengine. Mama mchungaji aliendelea na Jumatano zake, ila sasa aliingilia mlango wa mbele. Lakini kile kiti shangazi hakurudishiwa, na kila Jumapili nilimwona akikitazama.

Siku ya mazishi, wabebaji walikuwa wanaliweka jeneza katikati ya kanisa, mama mchungaji akasimama.

"Hapana. Mwekeni kule, kwenye sauti ya pili."

Mchungaji alimtazama mkewe, akainama, akasogeza viti kwa mikono yake mwenyewe. Kwaya ikaimba shangazi akiwa katikati yao. Naamini Mungu amempokea. Ila sauti ya pili siku hiyo haikukosea hata mahali pamoja, na hapo ndipo nilipolia.