Ubini Haufanani

Siku waliyomzika baba yangu nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la ofisi, Lushoto, nasubiri mhuri. Waliomzika ni vibarua wa hospitali. Hakuna hata mmoja aliyemjua.

Wanangu, mnaniuliza kwa nini naogopa ofisi. Nitawaeleza nilivyoelewa mimi niliyeishia darasa la tatu. Ofisini haitoshi kuwa mtoto wa mtu. Lazima karatasi ikubali. Karatasi ikikataa, hata ulie vipi, wewe si wake.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Baba alifia hospitali. Mama alikwishatangulia, na ndugu sina. Balozi wetu wa nyumba kumi, kule juu ya Magamba, akaniandikia barua nikachukue maiti, maana kwetu mtu hulazwa shambani kwake, penye migomba yake. Hospitali wakataka barua igongwe mhuri wa wilaya kwanza.

Karani wa mhuri alikuwa mtu wa mbali. Nikampa shikamoo, hakuitika. Akasoma, akarudia.

"Binti, huyu si baba yako. Ubini haufanani."

Nikamweleza kwamba kwetu jina la ukoo la mwanamume huanza hivi, la mwanamke huanza vile, na ukoo ni huohuo. Ningezaliwa mwanamume ningeitwa kama baba. Akamgeukia mwenzake, akasema Wasambaa hata baba zao hawawajui. Wakacheka. Akanituma kwa katibu kata, aandike kuthibitisha kwamba marehemu ni baba yangu.

Katibu kata alikuwa Msambaa kama mimi. Dada zake mwenyewe ubini wao haufanani na wake. Neno lake moja lingetosha. Lakini alisema yeye ni nani amkosoe mtu wa wilayani, nirudi Jumatatu. Jumatatu akaandika. Nikakimbia dirishani, karani yuko kwenye chai. Nikasimama.

Nilipofika hospitali na mhuri wangu, wakaniambia maiti isiyo na mwenyewe haikai, imezikwa asubuhi. Wapi? Wakanyoosha mkono kule nyuma, kwenye vichaka. Hapakuwa na alama yoyote.

Wote wawili wangali hai. Karani amestaafu, kajenga humuhumu mjini. Katibu kata ana duka, napita mbele yake kila siku ya soko. Sitaki waniombe radhi. Nataka waje wote wawili, tuende huko vichakani, mmoja wao aninyooshee kidole: baba yako yuko hapa.