Kaburi Nililolipitishia Trekta

Mwanangu, naikumbuka siku niliyopitisha trekta langu juu ya kaburi, na hadi leo nikikaa nikaiwaza, nasimama tena.

Ulikuwa mwaka ule Manyara ilipokatwa kutoka Arusha ikawa mkoa. Mimi niliyeishia darasa la nne nilishanunua trekta kwa vitunguu saumu vyangu mwenyewe; kule kwetu Daudi, hata waliosoma walikuwa wananipisha njia. Nikapata shamba kule chini, Mbulu inapopakana na Hanang. Ndani yake palikuwa na tuta kubwa la udongo, kaburi la mzee wa wafugaji. Mvua ikichelewa, akina mama wa hao wafugaji, Wabarabaig, na akina mama zetu Wambulu, watu wa kanisani kabisa, walikutana pale, wakaweka majani mabichi na kuomba. Mama yangu naye, rozari shingoni.

Wapimaji wa ardhi walipoweka bikoni, zile nguzo za mpaka, kaburi likaangukia upande wangu. Nikalima shamba lote, hadi juu ya kaburi.

Mama akaja na rafiki yake wa upande wa pili, bibi mfugaji. Nikawaambia shikamooni. Hawakuitikia.

"Bikoni ile pale, mama," nikasema. "Hapa ni kwangu."

"Na mvua ikifika kwenye bikoni inageuka?" mama akaniuliza.

Yule bibi akacheka kidogo. "Mwache. Ana trekta huyu, atalima mpaka mawingu."

Mahindi yalikubali sana, sikufichi. Lakini mama hakuyala. Gunia nililompelekea lilikaa mlangoni, yeye anaomba unga kwa jirani. Sikutulia. Nikiwa shambani nataka nyumbani, nikifika nyumbani nataka kuondoka. Mimi niliyelisha watu wote wale, mama yangu hali kwangu.

Mwishowe nikawafuata akina mama. Wakakaa kikao, wa pande zote mbili, wakanitoza dume jeusi la ng'ombe, na kaburi nilirudishe kwa jembe la mkono. Siku nne nilibeba udongo, trekta limesimama tu. Nilipomaliza, mama na yule bibi wakaweka majani. Kisha mama akanigeukia.

"Nina njaa. Kwako kuna nini?"

Basi, mwanangu, ukipewa ardhi na karatasi yake, usiwashe trekta kwanza. Waulize akina mama wa huku na wa ng'ambo wanaombea wapi, na hapo upaache, hata kama ni katikati ya shamba lako. Mungu akunyeshee kwa wakati, na mama yako ale kwako hadi ashibe.