Mchanga wa Kwetu

Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha punde nilipoolewa kijiji cha nyuma ya Mapinga. Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi, akaanza kunifundisha kabla sijazoea hata njia ya kisimani. Kila asubuhi alinipa kinu na vigae vya vyungu vilivyovunjika, nivitwange unga wa kuchanganya na udongo. Bila unga huo chungu hupasuka motoni. Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi mtoto wa Kaole, mjuaji wa kila kitu, nikawaza: kwetu mchanga laini umejaa tele, ya nini kuteseka?

Wifi yangu alikuwa karibu kuolewa. Pale bibi harusi hupelekwa na mtungi mpya wa maji, nikaomba niufinyange mimi. Nilitaka mno wanawake wa kijiji waache kuniita mgeni. Mama mkwe alinitazama, akasema, "Haya mwanangu, fanya."

Nikaenda kwetu kusalimia, nikarudi na kikapu cha mchanga wa pwani, nikauchanganya kwa siri. Mtungi ukatoka motoni mwekundu, hauna ufa. Niliringa nao kijiji kizima, nadhani hata mbuzi walichoka kuniona.

Kumbe mchanga ule ulikuwa na chembe za makombe ya baharini, ambazo zikishachomwa na kulowana huvimba. Siku mbili kabla ya harusi tuliujaza maji yapoe. Asubuhi ya harusi ulikuwa na madoa meupe, nikajifanya sikuyaona. Shangazi wa bwana harusi akauinua mbele ya watu. Kitako kikabaki chini, maji yote yakamwagikia miguuni.

"Mmenitawadhisha!" akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe aliokota kigae, akakikwangua kwa ukucha, akanitazama. Aliingia ndani, akatoa mtungi wake mwenyewe, wifi akaenda nao.

Kesho yake nilifunga nguo zangu, nikingoja kurudishwa kwetu. Mama mkwe akaniita uani. Mkononi alikuwa na chungu kikuukuu chenye ufa, cha kuwekea kunde. Akakivunjia ndani ya kinu.

"Hiki alikifinyanga mama yangu," akasema. "Kitwange vizuri, kiingie kwenye chungu chako."

Nililia huku nacheka, nikashika mchi.